Intaneti Katika Meli za Kitalii: Kwa Nini Hukawia, na Kwa Nini Ni Ghali

Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1912, katika chumba kidogo cha redio ndani ya meli ya Titanic, kijana wa Kiingereza aitwaye Jack Phillips alikuwa akiwatumia abiria salamu zao. Mtambo ulikuwa umeharibika siku iliyotangulia, na ingawa yeye na mwenzake Harold Bride walifaulu kuutengeneza, karatasi za salamu zilikuwa zimelundikana mezani. Kila karatasi ilikuwa imelipiwa: shilingi 12 na peni 6 za Kiingereza kwa maneno 10 ya kwanza, na peni 9 kwa kila neno lililozidi. Yapata saa 5 usiku meli nyingine, Californian, iliyokuwa imesimama karibu kwa kuzuiwa na barafu, ilimwita ili kumpa habari hiyo. Phillips alimjibu mwenziwe anyamaze, kwani alikuwa akizungumza na kituo cha Cape Race katika kisiwa cha Newfoundland. Yule wa Californian alisubiri kama nusu saa, kisha akazima mtambo wake akaenda kulala. Dakika chache baadaye Titanic iligonga jabali la barafu, na watu zaidi ya 1,500 walipoteza maisha yao.

Kisa hiki kimezoeleka kuelezwa kama kisa cha barafu. Hapa tunakitaja kwa sababu nyingine. Phillips na Bride walikuwa watumishi wa Kampuni ya Marconi, na kazi iliyoingiza fedha ilikuwa ile ya salamu za abiria. Njia ya mawasiliano ilikuwa moja tu, tena nyembamba. Na aliyelipa ndiye aliyetangulia kupita.

Siku hizi abiria wa meli za kitalii hawatumi tena maneno 10 kwa alama za Morse. Wanatuma picha, sauti na filamu, na wengine wanataka kuendelea na kazi za ofisi wakiwa katikati ya bahari. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, inaweza kubeba abiria 7,600 na watumishi 2,350. Hao ni watu karibu 10,000, idadi ya mji mdogo, na takriban kila mmoja ana simu mfukoni. Maneno ya watu wa mji huo unaoelea hupitia wapi? Kwa nini kwa miaka mingi yalipita kwa shida? Na kwa nini, baada ya shida kupungua sana, bei haikupungua kwa kiasi kile kile?

Mviringo wa dunia

Nchi kavu simu huzungumza na mnara ulio karibu, na mnara huunganishwa na minara mingine kwa waya, kwa nyuzi za kioo au kwa mawimbi ya redio. Baharini hakuna mahali pa kusimika mnara. Aidha mawimbi ya redio yanayotumiwa na simu husafiri karibu katika mstari ulionyoka, hali dunia ni mviringo. Kwa hiyo meli ikiisha kupita upeo wa macho wa mnara, maji yenyewe huwa kama kilima kati yao.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukadiria umbali huo. Umbali wa upeo wa macho kwa kilometa ni 3.57 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa meta. Mnara wenye kimo cha meta 50 unaona kilometa 25 hivi. Antena iliyo meta 40 juu ya bahari inaona karibu kilometa 23. Jumla ni kilometa 48. Hewa huyapinda mawimbi kidogo na kuyafikisha mbali zaidi ya hapo, lakini si mbali sana. Meli inayokwenda kilometa 35 kwa saa huvuka mpaka huo muda usiozidi saa mbili baada ya kung'oa nanga. Mawimbi marefu kama yale ya Titanic yanaweza kuufuata mviringo wa dunia, ila uwezo wao wa kubeba habari ni mdogo mno: yanatosha kwa alama za Morse, hayatoshi kwa picha.

Njia iliyobaki ni kupeleka mawimbi juu, yapokewe huko na kurudishwa chini mahali pengine.

Kisima na kamba

Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza katika gazeti la Wireless World kwamba chombo kilichowekwa kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta kingeizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hutumia kujizungusha, na kwa hiyo kingeonekana kana kwamba kimesimama angani. Vyombo vitatu vya namna hiyo vingetosha kuhudumia karibu dunia nzima. Wakati huo hapakuwa hata na setilaiti moja. Miaka 19 baadaye, mwaka 1964, Marekani ilirusha Syncom 3, setilaiti ya kwanza kukaa mahali hapo. Setilaiti za Marisat, zilizotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, zilirushwa mwaka 1976. Na mwaka 1979 mataifa yaliunda shirika la Inmarsat, lenye makao yake London, ambalo lilianza kutoa huduma mwaka 1982. Nia ya kwanza ilikuwa usalama wa mabaharia. Abiria wa meli za anasa walikuja baadaye. Meli ya Norwegian Sky, iliyoanza kazi mwaka 1999, ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuwa na chumba cha intaneti kwa abiria.

Ili kuielewa huduma waliyoipata abiria hao, na tutazame kisima. Mtu aliyewahi kuteka maji katika kisima kirefu anajua kwamba maji anayopata kwa saa moja hutegemea mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa ndoo. La pili ni urefu wa kamba, kwa sababu hata ukiwa na ndoo kubwa namna gani, huna budi kungoja ishuke na ipande. Katika mawasiliano ndoo ni wingi wa habari zinazoweza kupita kwa sekunde moja, na wingi huo hupimwa kwa biti. Kamba ni muda ambao swali hutumia kwenda na jibu kurudi. Watu wengi hulalamikia ndoo, na wauzaji nao hutangaza ndoo. Lakini baharini, kwa muda mrefu, kilichowatesa watu zaidi kilikuwa kamba.

Tupige hesabu. Setilaiti iko kilometa 35,786 juu ya ikweta. Swali linalotoka melini hupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka kituoni nchi kavu: kilometa 71,572. Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Jumla ni kilometa 143,144, na mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde, yaani kasi ya mwanga. Tukigawanya tunapata karibu nusu sekunde. Kwa kuwa meli na kituo haviko chini kabisa ya setilaiti, na kwa kuwa mitambo nayo huchukua muda wake, kwa kawaida muda huo huwa sekunde 0.6 au zaidi. Hakuna fundi, hakuna fedha, hakuna mtambo wa aina yoyote utakaoupunguza chini ya ile nusu sekunde. Hiyo ni sheria ya maumbile.

Huenda msomaji akasema kwamba nusu sekunde si kitu. Kwa barua moja si kitu kweli. Lakini kompyuta inapofungua ukurasa mmoja wa intaneti haiulizi mara moja. Kwanza huuliza anwani ya mahali ukurasa ulipo. Kisha husalimiana na kompyuta ya huko. Kisha hupatana nayo juu ya siri ya kuyaficha mazungumzo. Ndipo huomba ukurasa, na ukifika hugundua kwamba ndani yake zinatakiwa picha na vipande vingine, navyo huombwa. Safari 10 za namna hiyo, kila moja ikichukua sekunde 0.6, ni sekunde 6 za kungoja hata kama ndoo ni kubwa kama pipa. Mafundi walibuni mitambo ya kukaa melini na kujibu salamu hizo kwa niaba ya kompyuta ya mbali, na kwa kiasi fulani walifaulu. Lakini kadiri kurasa nyingi zilivyozidi kufungwa kwa siri ili wezi wasizisome, mitambo hiyo nayo ilipoteza uwezo wa kuona kinachosemwa, na ikashindwa kusaidia kama mwanzo.

Bei ya kungoja

Sasa tuitazame ndoo. Tuchukue mfano wa meli yenye abiria 2,000 iliyokodi njia ya megabiti 4 kwa sekunde. Jioni, watu wakiisha kula, abiria 200 wanaingia mtandaoni kwa wakati mmoja. Kila mmoja anapata biti 20,000 kwa sekunde. Mmoja wao anataka kumpelekea mama yake picha ya megabaiti 2, yaani biti 16,000,000. Picha hiyo itachukua sekunde 800, au zaidi kidogo ya dakika 13.

Katika miaka ya 2000 na hata baada ya 2010, kampuni nyingi za meli za kitalii ziliuza intaneti kwa dakika, na bei iliyozoeleka ilikuwa karibu senti 75 za Marekani kwa dakika moja kwa asiyenunua dakika nyingi kwa mkupuo. Ile picha basi iligharimu dola 10.

Inafaa kuutazama vizuri utaratibu huo wa kuuza kwa dakika. Mnunuzi hakulipia habari alizopata. Alilipia muda aliokaa akizingoja. Njia ilipokuwa nyembamba zaidi, alingoja zaidi. Na alipongoja zaidi, alilipa zaidi. Sisemi kwamba kampuni hizo zilikawiza njia kwa makusudi, kwani kukodi setilaiti kulikuwa ghali kweli kweli. Nasema kwamba utaratibu wenyewe haukumpa muuzaji sababu yoyote ya kuharakisha. Mwenye duka anayeuza sukari kwa kipimo cha muda ambao mteja amesimama foleni hatakuwa na haraka ya kuongeza mizani.

Mtego mwingine ulikuwa wa simu zenyewe. Meli nyingi zina mnara mdogo wa simu ndani yake, ambao huwashwa zikiwa mbali na pwani. Simu ya abiria hujiunga na mnara huo bila kumwuliza mwenyewe, na mazungumzo hupitia setilaiti ile ile, kwa bei ya dola kadhaa kwa dakika. Mnara huo haumo katika mapatano aliyoyafanya na kampuni yake nyumbani. Wengi walifahamu hayo baada ya kurudi na kupokea hesabu.

Kuba nyeupe juu ya meli

Atazamaye meli ya kitalii ikitia nanga Zanzibar au Mombasa ataona juu yake kuba nyeupe za mviringo. Ndani ya kila kuba mna antena yenye umbo la sahani, na sahani hiyo haitulii kamwe. Meli inapoyumba kushoto, sahani huelekea kulia kwa kiasi kile kile. Meli inapogeuka, sahani hugeuka kinyume chake. Vipimaji vya mwendo huamuru mota ndogo kufanya masahihisho hayo mara nyingi kila sekunde. Haja yake ni dhahiri: kwa umbali wa kilometa 36,000, kosa la nyuzi moja tu huipeleka shabaha zaidi ya kilometa 600 kando ya setilaiti.

Hata antena ikielekezwa sawasawa, setilaiti hapana budi ionekane. Hapa jiografia huingia. Kwa mtu aliye Dar es Salaam, kusini kidogo ya ikweta, setilaiti iliyo katika longitudo yake huwa nyuzi 82 juu ya upeo wa macho, karibu utosini. Kwa meli iliyo karibu na Juneau, katika pwani ya Alaska, kwenye latitudo ya nyuzi 58 kaskazini, setilaiti ya longitudo hiyo huwa nyuzi 24 tu, upande wa kusini. Meli za kitalii huenda Alaska hasa kwa ajili ya ghuba nyembamba zilizozungukwa na milima na mito ya barafu. Na milima hiyo hiyo iliyowaleta watalii husimama kati ya kuba na setilaiti. Zaidi ya nyuzi 81 kaskazini au kusini setilaiti hiyo haionekani kabisa. Mvua nayo ina sehemu yake, kwani matone humeza mawimbi mafupi sana, na kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo hasara inavyozidi.

Pwani yetu ilipokuwa kama meli

Wasomaji wenye umri wa miaka 35 na zaidi hawahitaji kusafiri kwa meli ili kuyajua mambo haya. Kituo cha setilaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970, na tangu hapo hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya Afrika Mashariki na mabara mengine ilitegemea setilaiti zile zile za kimo cha kilometa 36,000. Tulikuwa nchi kavu, lakini kwa hesabu za mawasiliano tulikuwa melini. Mwandishi wa makala haya alipata kukaa katika duka la intaneti jijini Dar es Salaam mwaka 2003, akilipa kwa saa, na sehemu kubwa ya saa hiyo aliitumia kutazama picha moja ikijichora mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini.

Julai 2009 waya wa Seacom, wenye nyuzi za kioo, ulianza kazi ukipitia Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS ulifika Mombasa mwaka huo huo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwanga ndani ya kioo husafiri kilometa 200,000 hivi kwa sekunde, pungufu ya kasi yake angani. Hata hivyo waya wa kilometa 12,000 hupeleka swali na kurudisha jibu kwa sekunde 0.12, yaani mara tano upesi kuliko setilaiti. Kamba ilifupishwa, na ndoo ikapanuliwa mara nyingi zaidi. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja upande wa kusini, Watanzania wengi walionja tena kwa siku kadhaa jinsi njia nyembamba ilivyo.

Meli haiwezi kuburura waya nyuma yake. Kwa hiyo nchi kavu ilipoondokewa na taabu hiyo, meli zilibaki nayo.

Setilaiti za chini

Kama kamba ni ndefu mno, dawa ni kupunguza kina cha kisima. Mwaka 2007 Mmarekani Greg Wyler, ambaye kabla ya hapo alishughulika na ujenzi wa mawasiliano nchini Rwanda, alianzisha kampuni ya O3b. Jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya "watu bilioni 3 wengine", yaani wale waliokuwa hawajafikiwa na intaneti, wengi wao wakiwa katika nchi za joto. Setilaiti zake 4 za kwanza zilirushwa Juni 2013 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, zikawekwa kilometa 8,062 juu ya ikweta. Kwa kimo hicho safari ya kwenda na kurudi ni kilometa 32,248, nayo huchukua sekunde 0.11 hivi kabla ya kuongeza muda wa mitambo. Mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa meli ya Oasis of the Seas, ambayo hutembea katika bahari ya Karibi, mahali ambapo setilaiti za ikweta huonekana vizuri. Basi mtambo uliopewa jina la maskini wa dunia ukawa pia mtambo wa watalii, kwa kuwa watalii walikuwa pamoja mahali pamoja na walikuwa tayari kulipa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ndefu zaidi. Kuanzia Mei 2019 kampuni ya SpaceX ilianza kurusha setilaiti za Starlink, 60 kwa mara moja, hadi kimo cha kilometa 550 hivi. Hesabu ile ile sasa inatoa kilometa 2,200 na muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa kazi halisi huwa sekunde 0.03 hadi 0.06. Kamba imekuwa fupi kiasi kwamba mtumiaji haioni tena.

Lakini maumbile hayatoi kitu bure. Setilaiti iliyo chini hivyo huona sehemu ndogo tu ya dunia, na haisimami: huizunguka dunia nzima kwa dakika 95 hivi, na baada ya dakika chache huwa imekwisha kumpita mtumiaji. Kwa hiyo badala ya setilaiti tatu za Clarke zinatakiwa maelfu. Mwishoni mwa 2024 zilikuwa zaidi ya 6,000 angani. Kila moja hutazamiwa kudumu miaka 5 hivi, kisha hushushwa iungue katika hewa, na nyingine kurushwa mahali pake, ambapo setilaiti ya kimo cha juu huweza kufanya kazi miaka 15. Antena ya melini nayo imebadilika: kibao bapa kisicho na sahani, ambacho huelekeza mawimbi kwa umeme bila kugeuka, na hivyo huweza kuhama kutoka setilaiti moja kwenda nyingine kufumba na kufumbua. Mahali palipo mbali na vituo vya nchi kavu, setilaiti hupasiana habari kwa miale ya leza.

Mwaka 2022 kampuni ya Royal Caribbean iliufanyia majaribio utaratibu huo katika meli ya Freedom of the Seas, na Agosti mwaka huo ikatangaza kwamba itauweka katika meli zake zote. Kampuni nyingine kubwa zimefuata. Abiria wengi sasa huzungumza kwa picha na jamaa zao wakiwa katikati ya Atlantiki, jambo ambalo mwaka 2010 halikuwezekana.

Bei iliyobaki juu

Je, bei nayo? Uuzaji wa dakika umetoweka karibu kila mahali, na badala yake abiria hulipa kwa siku. Bei hutofautiana kwa kampuni na kwa aina ya huduma, lakini dola 15 hadi 40 kwa siku kwa kifaa kimoja si jambo la ajabu. Katika safari ya siku 7, dola 25 kwa siku ni dola 175, fedha ambazo nyumbani zingemtosha kwa miezi kadhaa.

Starlink ilipoanza kuuza huduma ya baharini kwa watu wote, Julai 2022, ilitangaza bei ya dola 10,000 kwa mitambo na dola 5,000 kwa mwezi. Meli kubwa hainunui kwa bei hiyo ya rejareja. Inahitaji antena nyingi na mkataba wake hubaki siri ya wafanyabiashara. Lakini tujaalie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba inalipa mara ishirini ya kiasi hicho, dola 100,000 kwa mwezi. Kama ina abiria 3,000 na theluthi moja wananunua kwa dola 20 kwa siku, inakusanya dola 600,000 kwa mwezi. Hata tukitoa mishahara ya mafundi na gharama za mitambo ya ndani, tunaona kwamba umbali wa setilaiti hautoshi tena kueleza bei. Maelezo yako kwenye sitaha: abiria hana muuzaji wa pili. Kampuni chache, kama Viking, huhesabu intaneti ndani ya nauli, kama vile maji ya kuoga. Nyingine zimegundua kwamba nauli ikitangazwa kuwa ndogo huvuta wateja, na kinachopungua hukusanywa baadaye, ndani ya meli, kwa vitu kama hivi.

Mtalii anaweza kukataa. Anaweza kuzima simu yake siku 7 na pengine akafaidika. Hali ni nyingine kabisa kwa mtandika vitanda, mpishi au fundi wa mitambo, ambaye mkataba wake ni wa miezi sita, minane au tisa, na ambaye watoto wake wako Manila, Mumbai au Mombasa. Mwaka 2020, bandari zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, Shirika la Kimataifa la Bahari lilikadiria kwamba mabaharia 400,000 walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha, na kwa wengi wao simu ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kujua kama wazazi wao wako hai.

Tangu zamani baharia akishuka bandarini alitafuta kwanza mahali pa kupeleka barua. Siku hizi hutafuta mahali penye intaneti ya bure au ya bei ndogo, na ndiyo maana vituo vya mabaharia, kama kile cha Mombasa, huitoa pamoja na chai na magazeti. Kampuni nyingi huwauzia watumishi wao kwa bei iliyopunguzwa. Hata hivyo ni vema kuipima bei hiyo kwa mshahara badala ya kuipima kwa bei ya abiria. Kuanzia Januari 2024 kima cha chini cha mshahara wa msingi wa baharia mwenye ujuzi, kilichowekwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, kilikuwa dola 666 kwa mwezi. Huduma ya dola 5 kwa siku ni dola 150 kwa mwezi, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya mshahara huo.

Mwaka 2022 Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, ulifanyiwa marekebisho. Kuanzia tarehe 23 Desemba, 2024, mawasiliano ya baharia na jamaa zake yamehesabiwa miongoni mwa huduma za mapumziko anazostahili akiwa melini, na maelekezo ya mkataba yanasema kwamba intaneti itolewe kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo, yawe ya kiasi cha haki. Kiasi hicho hakikuandikwa. Kitaamuliwa meli kwa meli, baharia atakapopeleka malalamiko yake kwa mkaguzi wa bandari, awe Rotterdam au Dar es Salaam, na mkaguzi akapanda ngazi kwenda kuangalia bei iliyobandikwa katika ukumbi wa watumishi.